Kubadili Jina na Kutupa Nasaba

Ndugu zetu, sheria ya Kenya yamruhusu mtu kubadili jina: huandikiwa hati na wakili, ikasajiliwa, kisha ikatangazwa katika Gazeti la Serikali. Hapo hapana ubaya. Mtume (S.A.W.) alimbadili jina mwanamke aitwaye Aswiya, yaani muasi, akamwita Jamila.

Lakini twawaona waliosilimu wakiambiwa watupe na jina la baba, eti alikuwa kafiri. Ni nani aliyeyafundisha haya? Ikrima alisilimu, na hakuitwa ila Ikrima bin Abi Jahli. Na Zaid, aliyekuwa akiitwa bin Muhammad, aya ya 5 ya Suratul Ahzab ilimrudisha kwa babake Haritha. Vipi basi twamwandikia mtu “bin Abdallah”, na babake yu hai Kitui, aitwa Mutua?