Neno lisilo na baba

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya ndoa, matanga na ngoma. Leo tuulize hili: neno ambalo msemaji wake hajulikani, tulipokee namna gani?

Walokele, jirani zetu wa mtoni, walikuwa na jibu ndani ya lokole. Kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma: jina lake mwenyewe, la baba yake, na kijiji cha mama yake. Mmisionari John Carrington, aliyeishi Yakusu, aliandika mambo haya katika kitabu chake cha 1949. Habari ilisafiri mbali kuliko sauti ya mtu, lakini watu walitajwa pamoja na ukoo wao.

Leo hapa Simi-Simi, sokoni, juu ya toleka ao katika simu, neno linafika na mwanzo mmoja: "Banasema." Ukiuliza ni nani, unajibiwa: "Batu tu." Na kwa kuwa jina halipo, hatuulizi tena kama neno ni la kweli. Tunauliza ni la upande gani: la serikali ao la upinzani, la kabila letu ao lao. Likiufurahisha upande wetu, basi, tunalipitisha.

Wengine watasema kuficha jina ni ngao ya mnyonge. Ni kweli. Wakati wa Mobutu, radio trottoir ilisema yale ambayo magazeti hayakuthubutu kuandika. Anayefichua wizi wa mkubwa anaweza kulala gerezani. Huyo hatumlaumu.

Lakini tukumbuke tarehe 14 Mei 2002. Askari walioasi ndani ya RCD-Goma walishika redio ya Kisangani, wakaita raia wawafukuze Wanyarwanda. Kuna watu waliouawa kwa kudhaniwa tu kuwa Wanyarwanda. Saa chache baadaye RCD ilirudisha redio mikononi mwake, na askari wake wakaingia Mangobo kuua. Maiti zilitupwa katika mto Tshopo. Gharama ya ile sauti ililipwa na watu ambao hawakusema hata neno moja redioni.

Tofauti iko hapo. Anayemsema mkubwa kwa siri anajihatarisha mwenyewe. Anayelisema kabila la jirani kwa siri anahatarisha wengine. Wa kwanza tumsikilize, huku tukichunguza. Wa pili tumdai jina. Tangu Februari 2023, Wambole na Walengola walipopigana juu ya ardhi ng'ambo ya mto, tumeona wakimbizi wakija mjini. Wakati kama huo, "banasema" moja inatosha kuchoma nyumba.

Sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 inaadhibu wanaoeneza uongo. Lakini sheria mara nyingi inafika nyumba imekwisha kuungua. Desturi inaweza kutangulia. Kabla ya kupitisha neno, tuliulize kama lokole ilivyotufundisha: baba yako nani, mama yako wa kijiji gani? Likikosa jibu, likome kwetu.