Muungano na Dhamiri: Je, Yafaa Kuketi na Adui kwa Ajili ya Mgonjwa?

Siku moja, katika darasa letu la watu wazima hapa Juba, tulikuwa tukichambua jamii ya maneno yatokanayo na kitenzi kuunga. Tuliandika ubaoni: ungana, unganisha, kiungo, muungano. Wanafunzi walifurahi kusikia kwamba kiungo ni mahali mifupa miwili ikutanapo, na tena kiungo ni kile kitiwacho mchuzini ukapata ladha. Na kwamba kama mtu aungavyo kamba iliyokatika, ndivyo mpishi naye aungavyo mchuzi wake.

Ndipo mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyewahi kukikimbia kijiji chake mara mbili, akauliza: "Mwalimu, yule aliyenichomea nyumba akija kuniambia tuungane ili watoto watibiwe, je, huo nao ni muungano? Au ni kusahau tu?"

Tulimjibu kwa haraka, kama walimu tufanyavyo kengele inapokaribia kulia: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Darasa likanyamaza. Yule mwanafunzi aliiandika methali ile daftarini mwake kwa adabu, nasi tukatambua ya kuwa hatukumjibu. Makala haya ni jibu letu la pili, na tunawaletea walimu wenzetu ili nao walipime.

Swali lake si la darasani tu. Ni swali lililowakabili watu walioshika uongozi wa afya katika nchi hii kwa miaka mingi, na mfano ulio dhahiri kuliko yote ni ule wa vita dhidi ya mnyoo wa Guinea. Yafaa kwanza tueleze maradhi yenyewe, kwani asiyeyajua hawezi kuona uzito wa hoja.

Mtu hunywa maji ya dimbwi yenye vidudu vidogo mno visivyoonekana vyema kwa macho, navyo vimebeba mabuu ya mnyoo. Mwaka mmoja hivi hupita asihisi neno. Kisha mguu huvimba, lengelenge hutokea, likapasuka, na mnyoo mwembamba ambao urefu wake waweza kufika mita moja huanza kutoka. Hauvutwi ukatoka kwa siku moja. Huzungushwa kwenye kijiti, kidogo kidogo, kwa siku nyingi na kwa maumivu makali. Mgonjwa, kwa kutaka kupoza moto wa kidonda, hutia mguu majini, na papo hapo mnyoo humwaga mabuu mapya. Hivyo dimbwi linalowapa watu uhai ndilo liwapalo maradhi. Ugonjwa huu hauui watu wengi, lakini huwalaza wakulima majira ya kulima, na watoto ukawazuia kwenda shule.

Maradhi haya hayana chanjo wala hayana dawa ya kuyaponya. Silaha zake ni kitambaa cha kuchujia maji, mrija wenye kichujio kwa wachungaji walio safarini, dawa ya kuua vile vidudu vya dimbwini, na mgonjwa mwenyewe kukubali asiingie majini. Maana yake ni kwamba hakuna waziri wala daktari awezaye kuyaondoa kwa amri. Kila kitu hutegemea ridhaa ya watu: mama achotaye maji, mchungaji, mzee wa kijiji, na kijana ahesabuye wagonjwa. Kiongozi wa kazi kama hii, hata akiwa na shahada ukuta mzima, hana budi awe fundi wa kuunga.

Sasa turudi nyuma hadi mwaka 1995. Vita vya Sudan, vilivyoanza upya mwaka 1983, vilikuwa vimekwisha kula miaka kumi na miwili. Upande mmoja ilikuwako serikali ya Khartoum. Upande wa pili makundi yaliyopigania kusini, kubwa likiwa lile lililoongozwa na Dakta John Garang. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani tangu 1977 hadi 1981, na ambaye kituo chake kilikuwa kimeshika bendera ya kuutokomeza mnyoo huu duniani tangu 1986, aliwaendea mahasimu hao na ombi dogo: wasimamishe bunduki kwa miezi miwili ili wahudumu wa afya wapite. Walikubali, na muda ule ukaongezwa ukakaribia miezi sita. Vichujio viligawiwa, watoto wakachanjwa, na dawa ya upofu wa mtoni ikafika mahali ambapo awali ni risasi tu zilizokuwa zikifika.

Kisha vita vikaendelea. Amani haikutiwa saini ila tarehe 9 Januari, 2005, mjini Nairobi, miaka kumi baadaye.

Hapa ndipo wapinzani wa miungano kama hii wanapopata nguvu ya hoja, nasi hatutaki kuwapuuza. Husema: mpiganaji aliyepewa miezi sita ya kupumua ameipata pia miezi sita ya kujipanga. Husema tena: mwenye kuketi na mkosaji humpa heshima asiyostahili, kwani picha yao wakipeana mikono huzunguka dunia, ilhali kilio cha mjane hakizunguki hata wilaya moja. Na husema, kwa uchungu zaidi: kuna faida gani kumpa mtu kitambaa cha kuchujia maji leo, ikiwa kesho kibanda chake kitachomwa, na kitambaa kikiwa ndani?

Hoja hizi si za kipuuzi. Aliyechomewa nyumba ana haki ya kuzisema kabla ya mtu mwingine yeyote. Hata hivyo twaona kwamba zimechanganya mambo mawili ambayo lugha yetu imeyatenga vizuri. Suluhu ni kumaliza ugomvi. Msamaha ni kuliachilia kosa. Muungano si hili wala si lile. Tukirejea kwenye ubao wetu, tutaona kwamba mifupa miwili ikutanapo gotini haigeuki kuwa mfupa mmoja; na lau ingegeuka, mguu ungekauka usipinde tena. Kiungo hushika viwili vinavyobaki viwili, ili kazi moja ipate kufanyika. Anayeungana na hasimu wake kwa ajili ya mtoto mgonjwa hakulazimika kusahau, wala hakutangaza kwamba deni limelipwa. Amesema neno moja tu: mtoto huyu asiwe silaha yako wala yangu.

Na kama tutapima matunda, tusiyapime kwa mizani isiyo yake. Tukiuliza kama usitishaji wa mapigano wa 1995 ulimaliza vita, jibu ni la. Lakini mtoto aliyechanjwa mwaka ule, kama yu hai, leo ni mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, na pengine ana watoto wake. Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Ikiwa hatuna uwezo wa kuwatenganisha tembo, si haki yetu kukataa kuziokoa nyasi kwa kuwa tu tembo wangali wanapigana.

Lakini ruhusa hii ina masharti, na hapo ndipo dhamiri ya kiongozi ipimwapo. Tunaona masharti matatu.

Sharti la kwanza ni ukweli. Mwenye kuunga huku na huku hushawishika kusema lugha mbili: huku akipunguza idadi, kule akiizidisha. Akifanya hivyo mara moja, kiungo kimeoza. Methali yetu yasema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi hii methali hiyo ni kanuni ya utaalamu, kwa kuwa mgonjwa mmoja aliyefichwa aweza kulichafua dimbwi la kijiji kizima. Mwaka 2006, Wizara ya Afya ya kusini ilipoanzisha hapa Juba mpango wake wa kuutokomeza mnyoo, chini ya uongozi wa Makoy Samuel Yibi, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 20,581. Ilikuwa hesabu ya aibu kwa serikali changa, lakini ilisemwa, na kwa kuwa ilisemwa, iliweza kupunguzwa.

Sharti la pili ni kukumbuka nani anayelipa. Twapenda kusifu miungano ya wakubwa mezani, lakini mzigo wake huwaangukia wadogo. Mchungaji aliyetokewa na mnyoo huombwa aache ng'ombe wake, akae mahali atakapofungwa kidonda mpaka mnyoo uishe, asikanyage maji. Faida ya utii wake haimwendei yeye aliyekwisha kuugua, bali humwendea jirani ambaye bado hajaugua, na pengine jirani huyo ni wa ukoo waliogombana nao kwa sababu ya mifugo. Je, kuna muungano mkubwa kuliko huu? Majenerali waliombwa wanyamazishe bunduki. Mtu huyu ameombwa atoe siku zake za maisha kwa ajili ya asiyempenda. Basi kiongozi anayemwomba hivyo bila kumpa chakula, heshima na maelezo katika lugha anayoielewa, anamnyonya, hata kama anafanya hivyo kwa jina la afya.

Sharti la tatu ni subira isiyodai sifa. Tutazame hesabu. Kutoka wale 20,581 wa mwaka 2006, nchi ilifika 521 mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Julai 2011. Mwaka 2013 walikuwa 113. Desemba ya mwaka huohuo vita vikalipuka hapa Juba, navyo vikasambaa. Mtu angetazamia kazi yote ianguke. Haikuanguka, kwa kuwa waliojitolea vijijini hawakuwa wageni wa kuondoka kwa ndege. Walikuwa wenye vijiji. Mwaka 2014 wagonjwa walikuwa 70, mwaka 2015 walikuwa watano, na mwaka 2017 hakuonekana hata mmoja. Lakini mwaka 2018 walionekana kumi. Anayefanya kazi kwa ajili ya makofi angevunjika moyo hapo. Tangu 2019 hadi 2023 hapakuwa na mwaka uliozidi wagonjwa watano, na bado kazi haikuitwa imekwisha, kwani Shirika la Afya Duniani halitoi hati mpaka ipite miaka mitatu mfululizo pasipo ugonjwa kuambukizwa. Jirani zetu walikwisha kuivuka njia hiyo: Uganda ilipata hati yake mwaka 2009, na Kenya mwaka 2018. Hali kadhalika dunia nzima, iliyokadiriwa kuwa na wagonjwa milioni 3.5 mwaka 1986 katika nchi 21, sasa huwahesabu kwa makumi. Carter alifariki tarehe 29 Desemba, 2024, akiwa na umri wa miaka mia moja, mnyoo ule ukiwa haujamalizika kabisa. Ndivyo ilivyo kwa kazi za kuunga: aanzaye si lazima awe amalizaye.

Sasa twaomba ruhusa ya kusema neno kuhusu kazi yetu wenyewe. Katika mji huu wa Juba mtu akienda sokoni husikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande, Kiingereza, na siku hizi Kiswahili, ambacho wengi walikichukua ukimbizini Uganda na Kenya wakarudi nacho. Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, wapo waliodhani kwamba Kiswahili kitakuja kuzifuta lugha nyingine na kutufanya watu wamoja kwa nguvu. Sisi tunaona kwamba kazi yake ni ileile ya goti. Lugha ya kuunga haiwageuzi Wabari kuwa Wadinka. Huwapa mahali pa kukunjia mguu ili watembee. Lakini lugha hiyo yaweza pia kutumiwa kudanganya pande mbili kwa pamoja, na kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mwalimu anapomfundisha mwanafunzi neno muungano, hana budi amfundishe na gharama yake.

Mwanafunzi wetu alirudi darasani juma lililofuata. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba methali tuliyompa ilikuwa kweli, lakini haikuwa jibu. Tukamweleza kwa kifupi haya tuliyoyaandika: kwamba kuungana si kusahau, kwamba anayo haki ya kudai nyumba yake hata baada ya kupeana kitambaa cha kuchujia maji na yule aliyeichoma, na kwamba mtu yeyote amwambiaye kuwa muungano umemwondolea haki hiyo, anamlaghai.

Alifikiri kitambo, kisha akasema: "Basi, mwalimu, nitakunywa naye maji yaliyochujwa. Lakini kesi yangu iko palepale."

Tukamwambia kwamba amelielewa somo kuliko sisi tulivyolifundisha.