Kawia Ufike



Mtu akisimama Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio nchini Kenya, huona nchi ikikatika ghafula mbele ya miguu yake. Ukingo wenyewe uko kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na bonde liko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Hapo, hasa katika miezi ya jua kali baada ya Krismasi, huja watu wenye mabawa ya kitambaa. Wanaoruka hapo huketi katika mikanda chini ya mwavuli mpana. Katika nchi nyingine wako wanaoning'inia kifudifudi chini ya tiara kubwa, iliyotandazwa juu ya mabomba ya alumini. Wote hawa hawana injini. Hukimbia hatua chache kuelekea ukingoni, upepo ukawapokea, na nchi ikawaacha.

Watazamaji hugawanyika pande mbili. Wako wasemao, "Hawa wana wazimu," na wako wasemao, "Hawa ni mashujaa." Sisi tuliozeeka katika kazi ya ualimu tungependa kuuliza swali la tatu: Saa moja kabla ya kuruka, mtu huyu alikuwa akifanya nini? Jibu ni kwamba, ikiwa alifundishwa vema, alikuwa ameketi juu ya jiwe akitazama mbingu.

Maana upepo una tabia zake. Ukija kutoka bondeni hugonga ukuta wa mlima, na kwa kuwa hauna pa kupita, hupanda juu. Huo ndio umbebao mrukaji. Lakini ukigeuka na kuja kutoka nyuma ya mlima, huporomoka upande wa pili na kuvurugika kama maji ya mto yapitayo juu ya mwamba. Nao humwangusha mtu. Hali kadhalika jua likipasha ardhi moto, hewa hupanda, na juu yake hutokea wingu dogo jeupe. Wingu hilo ni rafiki. Likizidi kukua hata likawa mnara mweusi, huwa si rafiki tena. Humvuta mtu juu apende asipende. Wazee wetu walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Kwa hiyo warukaji wenye akili huheshimiana hata kwa siku zile walizokunja mabawa yao na kushuka mlima kwa miguu.

Katika nchi ya Ujerumani alikuwako mhandisi aliyeitwa Otto Lilienthal, aliyezaliwa mwaka 1848. Tangu utoto, yeye na ndugu yake Gustav waliwatazama korongo wakielea angani, wakajiuliza siri yao ni nini. Mwaka 1889 alitoa kitabu juu ya namna ndege warukavyo, na tangu mwaka 1891 akaanza kuruka mwenyewe kutoka vilimani, akining'inia katika mabawa aliyoyatengeneza. Aliruka kiasi cha mara 2,000. Hakuwa mtu mzembe. Alipima, aliandika, alirudia. Hata hivyo, tarehe 9 Agosti 1896, kwenye kilima kilicho karibu na kijiji cha Stölln, mabawa yake yalipoteza nguvu hewani akaanguka kutoka urefu wa kama mita 15, akavunjika shingo. Kesho yake alifariki katika mji wa Berlin. Basi tujue ya kuwa hata bingwa si bwana wa upepo.

Na wale korongo aliowatazama? Ndugu zangu, wengi wa jamii hiyo ndio tuwaonao katika mbuga zetu za Afrika Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya. Korongo ni ndege mzito, wala hawezi kupiga mabawa safari nzima. Asubuhi hungoja mpaka jua lipashe nchi moto, ndipo hewa ipandayo imbebe. Na kwa sababu juu ya bahari hewa ya namna hiyo ni haba, hakatizi katikati ya bahari ya Mediterania, ijapokuwa ndiyo njia fupi. Wale wajao kwetu huzunguka bahari hiyo kwa upande wa mashariki, wakipita juu ya Nchi Takatifu, kisha huingia Afrika. Huchelewa, lakini hufika. Wahenga walisema: kawia ufike.

Nabii Yeremia aliwajua ndege hawa wapitao juu ya nchi yake. Katika sura ya 8 anawataja kuwa hutambua majira ya safari zao, kisha anawalaumu watu wa Mungu ambao, pamoja na akili zote walizopewa, hawatambui Bwana anataka nini kwao. Ni aibu kubwa kushindwa na korongo!

Vijana wa kanisa letu hutuuliza: Je, kungojea si kukosa imani? Mtu wa Mungu si angepaswa kusonga mbele tu? Tuwajibu kwa sura ya 4 ya Injili ya Mathayo. Shetani alimpandisha Bwana wetu hata juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe chini, akamtajia na Zaburi kuwa malaika watampokea. Angalieni, Shetani alikuja na andiko mkononi! Naye Bwana wetu alikataa. Hakuwa na shaka kwamba Baba aweza kumshika; lakini upendo wa Baba si kitu cha kujaribiwa kwa kuruka. Kumbe basi kukataa kuruka kwaweza kuwa tendo la imani kubwa kupita kuruka.

Jambo hili si la warukaji wa Iten peke yao. Mwaka 2021, tarehe 4 Desemba, basi lililobeba wanakwaya wa kanisa pamoja na jamaa zao waliokuwa wakienda arusini lilizama katika mto Enziu, karibu na Mwingi, mto ulipokuwa umefurika. Watu zaidi ya 30 walikufa. Hatuliandiki hili ili kumhukumu mtu. Wafiwa bado wanalia, na sisi tunalia pamoja nao. Twaliandika kwa sababu kila msimu wa mvua sisi sote hufika kwenye mto wa namna hiyo. Dereva husita, na ndani ya gari hutoka sauti, "Twende tu, Mungu yupo." Ni kweli, Mungu yupo. Yupo pia ng'ambo hii ya mto, pamoja na wale wanaongoja maji yapungue. Vivyo hivyo mgonjwa anayeambiwa atupe dawa zake ili aonyeshe imani, huyo naye amepandishwa juu ya kinara cha hekalu. Asishawishike kuruka.

Lakini tusiseme kwamba aliyepona alikuwa mwema na aliyekufa alikuwa mwovu. Mwezi wa Februari mwaka 2007, huko Manilla katika Australia, warukaji wa miavuli walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya dunia. Wawili kati yao walinyakuliwa na wingu la radi. Mwanamke mmoja wa Ujerumani, Ewa Wiśnierska, alivutwa hata karibu mita 10,000, juu kuliko kilele cha Everest. Alizimia kwa ukosefu wa hewa, akafunikwa na barafu, mwavuli ukaendelea kumbeba akiwa hana fahamu. Kisha akazinduka, akatua salama. Mwenzake, He Zhongpin wa China, alikufa. Wingu ni lile lile, siku ni ile ile. Nani atasema kwa nini? Bwana wetu alipoulizwa mambo ya namna hii, katika sura ya 13 ya Luka, alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kuwafanya wakosaji kuliko wengine. Aliwaambia walio hai watubu. Hilo ndilo fungu letu sisi tuliobaki.

Wala mtu asichukue maneno haya kuwa kisingizio cha uvivu. Mhubiri, katika sura ya 11, anamwonya mkulima ambaye kila siku huchungulia upepo na mawingu. Mkulima huyo hatapanda wala hatavuna. Korongo hungoja jua, lakini jua likiwaka huondoka. Anayengoja kwa imani ameshafunga mizigo yake. Aliye mwoga hana hata mzigo.

Tutajuaje basi wakati wa kungoja na wakati wa kuondoka? Tusiamue peke yetu. Mlimani, mgeni huuliza wenyeji wanaoujua upepo wa mahali pale, na wakisema, "Leo hapana," huwasikiliza, hata kama amesafiri siku mbili na amelipa fedha nyingi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, Paulo aliwaonya mabaharia wasing'oe nanga. Hawakumsikiliza, upepo mwanana wa kusini ukawadanganya, na muda si muda dhoruba ikawashukia.

Na hapa liko neno kwa ninyi mliowahi kuonya watoto wenu, au ndugu zenu, nao wasisikie. Paulo alikuwa ndani ya merikebu ile ile. Aliwakumbusha mara moja kwamba aliwaonya, kisha akawapa moyo, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akawasihi wale. Roho 276 ziliokoka. Mwana aliyeruka siku mbaya, akaanguka, akarudi nyumbani akichechemea, hahitaji kusikia "tulikuambia" mara ya pili. Anahitaji mkate, na mtu wa kuketi naye mpaka kupambazuke.

Tuombe: Ee Mungu, uliyezifanya pepo na kuwapa ndege majira yao, utupe masikio ya kusikia maonyo, subira ya kungoja bila hofu, na ujasiri wa kuondoka uitapo. Uwafariji waliofiwa majini na milimani. Nasi utufundishe kuwapokea walioanguka, kama ulivyotupokea sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.