Rahisi kwa Nani?

Shangazi yangu aliweka hesabu za duka kwa miaka 20, na daftari zake hazina hata tarakimu moja iliyokwanguliwa. Siku nilipomketisha mbele ya kompyuta nilimwambia, "Hii haina taabu, Shangazi, utaona mwenyewe." Akashika kipanya, akakisukuma mpaka ukingoni mwa meza, akakwama. Kumbe hakujua kwamba unaweza kukinyanyua ukakirudisha katikati, huku kishale kikibaki palepale. Angejuaje? Akanitazama, akasema taratibu: "Mie kichwa kizito, mwanangu."

Neno lile limenikaa rohoni. Je, nilimdanganya?

Ile meza iliyochorwa kwenye kioo, na majalada yake na pipa lake la taka, ni meza ya ofisi ya Marekani. Xerox waliileta sokoni mwaka 1981 katika mashine yao ya Star, na Macintosh ya 1984 ikaieneza. Aliyezoea ofisi ya namna ile hujiona yuko kwake. Tena hata wenyewe iliwachanganya: kwenye Macintosh, ukitaka kutoa disketi, uliivuta ukaitupa kwenye pipa la taka! Lile lile la kutupia mafaili usiyoyataka. Nani asingesita? Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh mwaka 1979, aliandika mwaka 1994 kwamba kitu tunachodai kinajieleza chenyewe ni kile tu kinachofanana na tulichokwisha kukizoea.

Mashine za kuandikia amri zilikuwa ngumu waziwazi. Ukishindwa, huoni aibu, unatafuta mwalimu. Lakini ukishaambiwa kitu ni rahisi, nacho kikakushinda, lawama inakurudia wewe. Hapo mimi naona dhuluma. Ndogo, lakini dhuluma. Sisemi turudi kwenye amri, la! Picha zinakuonyesha, hazikulazimishi kukariri. Ugomvi wangu ni na lile neno "rahisi", nami ndiye niliyelitamka.

Basi, nikamfungulia mchezo wa karata wa kucheza peke yako, kama ule Solitaire uliotiwa ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990. Karata alizijua tangu usichana wake. Siku ya tatu mkono ulikuwa mwepesi, anavuta na kuachia bila hata kukitazama kipanya. Akanigeukia.

"Sasa mbona hukuanzia hapa?"

Sikuwa na jibu.