Elimu Ipatikanayo kwa Dhiki ya Mwenzio

Katika mji wa Katoro, mkoani Geita, ambako soko na dhahabu ya wachimbaji wadogo huwakutanisha watu wa kila asili, yamkini kijana akashuka ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, miezi kadhaa bila ujira, kwa ahadi ya mdomo tu kwamba mawe yakitoka atapata mgawo wake wa mifuko ya mawe hayo. Na siku mawe yanapopelekwa karashani kusagwa, mwenye duara humwambia kwamba, maadamu hapana hati, hana haki. Mwanafunzi wa sheria aliyesoma Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ajua kwamba makubaliano ya mdomo, yakifanywa kwa hiari na juu ya jambo la halali, ni mkataba. Asilolijua bado ni namna ya kumpata shahidi aliyekwisha hamia rashi nyingine, yaani machimbo mapya, ya kuuliza leseni ya uchimbaji ni ya nani, na ya kumsikiliza kwa subira mtu ambaye njaa imemfanya akianze kisa chake mwishoni.

Hayo hayafundishwi darasani. Ndiyo maana mwaka 1933 Jerome Frank, mwanasheria wa Marekani, aliwataka walimu wa sheria waige vyuo vya utabibu, ambako mwanafunzi hujifunza mbele ya mgonjwa. Na chuo chetu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, nacho kikaja kuanzisha msaada wa sheria kwa wasiojiweza.

Lakini mwanafunzi wa sheria akijifunza vivyo hivyo mbele ya mteja, swali linaloitaabisha dhamiri ni hili: je, ni halali mtu kujipatia elimu kwa dhiki ya mwenziwe? Mwanafalsafa Kant alikataza kumtumia binadamu kama chombo tu cha kufikia makusudi yetu, na katika neno hilo uzito wote umo katika “tu”. Kijana wa Katoro hadhulumiki kwa kuwa mwanafunzi amejifunza kwake. Hudhulumika endapo mwanafunzi, akiisha kupata alichokifuata, ataondoka muhula ukimalizika, ilhali shauri lingali mahakamani au muda wa rufaa wapita. Hiyo, kwa maoni yangu, ni dhuluma ya pili, tena chungu kuliko ya kwanza, kwani mwenye duara hakujidai kuwa mwokozi.

Shauri la mtu ni amana, na amana haifuati kalenda ya chuo. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kumwambia mteja tangu siku ya kwanza kwamba yeye si wakili, amtajie wakili anayemsimamia, aandike maelezo kwa Kiswahili ambacho mteja akisomewa atayatambua kuwa ni yake, na kabla ya kupanda basi la kurudi chuoni aliweke jalada mikononi mwa mtu mwingine, mteja mwenyewe akiwapo, akimwona na kulijua jina lake.