Hatia ya Mpiga Picha Uzeeni

Picha ikishachapishwa haimtii tena aliyeipiga. Hunakiliwa, hukatwa pembe, huwekewa maneno mapya, na huendelea kutumika hata baada ya mpigaji kubadili fikra. Ndiyo maana hatia ya msanii juu ya kazi zake za zamani huchelewa kufika: ujanani alipima mwanga na mpangilio, uzeeni anaulizwa picha ilimfanyia nini mtu aliyemo ndani yake.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, imeonekana duniani kwa picha za namna hii kwa miongo mingi. Kambi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992 na kuwapokea maelfu ya wavulana wa Sudan walioikimbia Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka mwaka 1991. Sura zao zilienea kila mahali, mara nyingi bila majina. Wengi walihamia Marekani kuanzia mwaka 2000. Leo ni watu wazima wenye watoto wao, na njaa yao ya utotoni ingali mali ya hifadhi za picha za watu wasiowajua.

Nje ya kambi, Waturkana wenyewe walipigwa picha kila ukame ulipokolea. Picha hizo zililisha watu, na si haki kulisahau hilo. Mwaka 2011 kampeni ya Kenyans for Kenya ya kuwachangia walioathirika na njaa ilivuka lengo lake la shilingi milioni 500. Ni vigumu kuamini kwamba ingefika huko bila picha za magazeti na televisheni.

Basi hatia iko wapi? Mwanafalsafa Bernard Williams, mwaka 1976, alitoa mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto pasipo uzembe wowote. Dereva huyo hana kosa, lakini majuto yake hayawezi kuwa sawa na ya mpita njia, kwa kuwa tendo limepitia mikononi mwake. Mpiga picha anafanana na dereva huyo, ila hawezi kujificha nyuma yake, maana yeye alichagua. Aliacha nje ngamia, shule na mama anayecheka, akabakiza mbavu na vumbi. Madhara huenda hakuyakusudia, uteuzi aliukusudia.

Sebastião Salgado, mpiga picha Mbrazili aliyewapiga picha wakimbizi wa Rwanda waliofurika mji wa Goma, Kongo, mwaka 1994, alitoka huko mgonjwa wa mwili na roho, akaiweka kamera kando kwa muda. Mwaka 1998 yeye na mkewe Lélia walianzisha Instituto Terra, wakaanza kuotesha upya msitu katika shamba la familia. Mwandishi Susan Sontag, katika kitabu cha mwaka 2003, alimlaumu kwa kutowataja kwa majina wanyonge waliomo pichani. Salgado, aliyefariki mwaka 2025, hakukubali kwamba aliwavunjia watu hao heshima. Msitu ule ni kazi njema na kubwa, lakini haukumfikia mtu yeyote aliyepigwa picha Goma.

Hapa mila ya Waturkana inaona mbali kuliko maungamo. Dhara husemwa mbele ya wazee, chini ya mti ambapo wanaume hukutana, na fidia ya mifugo huelekezwa kwa familia iliyodhurika. Huzuni ya mkosaji peke yake haifungi shauri. David na Judith MacDougall, waliorekodi filamu miongoni mwa Waturkana mwaka 1973 na 1974, waliikaribia haki hii mapema: watu wao wanatajwa, wanazungumza kwa lugha yao, wanabishana, na wanawahoji wageni wenye kamera.

Msanii mzee anaweza kulipa kwa vitu: jina lililorudishwa chini ya picha, nakala kwa familia, mgao wa mapato, na haki ya aliyepigwa kuiondoa picha yake sokoni. Kakuma kuna vijana waliofunzwa filamu na shirika la FilmAid, wanaoweza kuwatafuta wahusika na kuandika upya maelezo. Mbele ya mtoto aliyefika bila wazazi na kufa bila jina lake kuandikwa, njia hizo zote hukwama. Hakuna wa kupokea, na deni hubaki kwa mpigaji na kwa hifadhi inayoendelea kuiuza picha hiyo.