Ukuta wa Nje ni wa Nani?

Mtu akinunua nyumba kwa fedha zake, je, aweza kuongeza kitu upande wa nje kama apendavyo? Wengi watajibu upesi: ndiyo, maana ni mali yake. Lakini tufikiri kidogo juu ya zile nyumba za ghorofa ambazo jengo moja lina wenyeji wengi. Huko mtu hanunui jengo. Hununua vyumba vyake vya ndani, na pamoja na wenzake wote hupata fungu katika ngazi, paa, bustani na kuta za nje. Mara nyingi hata roshani, ndiyo ile baraza ya juu mbele ya chumba chake, ni mali ya wote. Yeye amepewa ruhusa ya kuitumia peke yake, basi. Kwa hiyo wenyeji hufanya chama, na chama huwa na sheria: usijenge kitu roshanini, usiizungushie vioo, usibadili rangi. Mnunuzi hutia sahihi. (Wangapi kati yetu husoma karatasi yote kabla ya kutia sahihi?)

Tusizidharau sheria hizo. Mmoja akipigilia mbao, wa pili ataleta mabati; msumari ukitoboa ukuta, maji humwangukia mtu wa chini, ambaye hakujenga kitu.

Hata hivyo, shauri moja la mji wa Montreal, katika nchi ya Kanada, latutia mashaka. Wayahudi wachache wenye kushika sana dini yao walijenga vibanda katika roshani zao, kwa ajili ya Sikukuu ya Vibanda. Sikukuu hiyo twaijua kwa kitabu cha Walawi. Na Bwana wetu mwenyewe aliiendea Yerusalemu. Chama kikasema: sheria yakataza, vibomolewe. Halafu kikawapa shauri la kujenga kibanda kimoja cha wote bustanini. Wakakataa, wakisema kwamba taabu yake ni kubwa, tena dini yawataka wawe kila mtu na chake. Tribunali mbili za Quebec zikakipa chama haki. Lakini tarehe 30 Juni 2004 Tribunali Kuu ya Kanada ikageuza hukumu, waamuzi 5 juu ya 4.

Wale 5 walisema kwamba imani ya mtu yalindwa ikiwa ni ya kweli moyoni mwake, hata kama walimu wa dini yake hawapatani juu ya jambo lenyewe. Tena vibanda ni vya siku 9 tu kwa mwaka, na wenyewe walikubali kuacha wazi njia ya kukimbilia moto ukiwaka. Mwamuzi Binnie, mmoja wa wale 4, alishika neno jingine: hawa walichagua wenyewe jengo hili na kupatana na jirani zao, na jirani walitegemea mapatano hayo.

Sisi neno la Binnie latuchoma. Ahadi ni ahadi, nayo hatukuitoa kwa ukuta, twaitoa kwa watu. Kama dini yangu yanidai kibanda, ilinipasa kuuliza kabla ya kulipa, si baada ya kuhamia. Lakini twauliza pia: jirani alidai ahadi ile kwa nini? Alitaka jengo lisiharibike, lisichukize macho, na njia ya moto isizibwe. Katika siku 9 amepotewa na nini katika hayo? Macho yake yamechukizwa kidogo. Mwenzake, akibomolewa, amepotewa na sikukuu yake nyumbani mwake. Hasara hizi mbili hazilingani, na kwa sababu hiyo twasimama na wale 5.

Ila mtu asichukue hukumu hii akajenge jiko la matofali roshanini. Kibanda kile hushushwa sikukuu ikiisha, na roshani hubaki tupu kama zamani.